Bonde Lililokosekana Kwenye Kidonge cha Mama

Piridini inanuka samaki walioharibika. Kwa mtu anayefanya kazi Mwanza jambo hilo lina raha yake, kwa sababu hakuna anayekushuku. Ukifungua chupa yake maabara, harufu ikatoka hadi kwenye korido, wenzako wanafunga madirisha ya upande wa ziwa na kuwalaumu wachuuzi wa samaki kule mwaloni. Siku moja nilimsikia mhasibu wa chuo chetu akifoka kuhusu dagaa wa nani sijui, na mimi nimesimama pembeni yake, chupa mkononi, nimejikausha.

Nafundisha kemia, na katika kemia yote hiyo familia ya piridini ndiyo niliyoipenda. Piridini yenyewe ni kitu kidogo: mduara wa pembe sita, umbo la nati ya baiskeli, pembe tano zimekaliwa na kaboni na moja na naitrojeni. Kwenye kila kaboni pameshikizwa haidrojeni. Ukiing'oa haidrojeni moja ukapachika kitu kingine mahali pake, umepata ndugu mpya. Pachika hiki, unapata nikotini, ile iliyomo kwenye ugoro anaonusa baba yangu. Pachika vile vingine, unapata vitamini ya B6. Pachika kingine kwenye pembe inayotazamana na naitrojeni, unapata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Nati ni ile ile, kilichoning'inizwa ndicho kinachoamua kama ni sumu, chakula au uhai wa mtu.

Kuwatofautisha ndugu hao kwa macho huwezi. Wengi wao ni unga mweupe. Ndiyo maana tuna mashine ya infraredi. Inapitisha mwanga usioonekana, ule ule tunaouhisi kama joto tukikaa karibu na jiko la mkaa. Vifungo vinavyoshikanisha atomu havitulii, vinavutika na kujikunja muda wote, kila kimoja kwa kasi yake. Mwanga wenye kasi hiyo ukifika, kifungo kinaumeza, na kwenye skrini mstari unashuka pale uliposhuka mwanga na kufanya bonde. Mabonde yakikaa pamoja yanakuwa sura ya mtu, huwezi kuikosea ukishaizoea. Sampuli unaiweka juu ya kijiwe cha almasi kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, unaikandamiza kwa mkono wa chuma, basi. Wageni wakisikia neno almasi macho yanawatoka. Shinyanga si mbali na hapa, na watu hawana utani na almasi.

Nilikuwa nimefika mahali pa kuiamini mashine ile kuliko watu. Mtu anakwambia anachotaka usikie. Mashine haina haya na haina huruma, na mimi hasira zangu ni za karibu, kwa hiyo tulielewana.

Sasa mambo ya nyumbani. Wazazi wangu wanaishi Kisesa. Baba alipata kifua kikuu, akatibiwa, akameza dawa zake mpaka zikaisha, akapona kabisa, akarudi kwenye ng'ombe wake na ugoro wake. Alipogundulika, mama naye alipimwa. Hakuwa na ugonjwa. Lakini alikuwa amelala kitanda kimoja na baba miezi yote ile ya kukohoa, kwa hiyo hospitali walimwandikia isoniazidi ya kumeza kila siku, ili kama kuna vijidudu vimejificha kifuani vimalizwe kabla havijaamka. Pamoja nayo walimpa B6, maana isoniazidi peke yake yaweza kumletea mtu ganzi za miguu. Nilipojua kwamba mama yangu mzazi anameza ndugu wawili wa familia ninayoifundisha, nilifurahi mno. Nilitamba nao hadi kwenye chumba cha walimu.

Ndipo likanijia wazo la somo. Wanafunzi wangu walizoea chupa za maabara tu, wanadhani kemia inaishi kabatini. Nikasema nitawaletea kidonge kinachotoka kwenye nyumba ya mtu. Nilipokwenda Kisesa kusalimia nikamwomba mama kidonge kimoja cha ile dawa anayomeza kila siku. Alinitazama kidogo, akauliza cha kazi gani, nikamwambia cha kuwafundishia watoto wa watu. Akaingia ndani, akatoka na kidonge cheupe amekifunga kwenye kipande cha nailoni. Nikaaga, nikarudi zangu nyumbani Pasiansi nikiwa na kidonge kwenye mkoba na jogoo miguuni, maana mama hajawahi kuniacha niondoke mikono mitupu.

Kesho yake nilikisaga kile kidonge mbele ya darasa. Nikakikoroga kwenye spiriti safi, nikachuja ili wanga na vichanganyio vingine vibaki kwenye karatasi, nikaikausha spiriti iliyopita hadi ukabaki unga kidogo. Nikawaambia wanafunzi waangalie skrini. Nikaweka kidole mahali pake kabisa, kwenye namba elfu moja mia sita na sitini na kitu, nikasema: "Hapa litashuka bonde refu. Hiyo ni kabonili ya isoniazidi, kaboni imeshikana na oksijeni mara mbili. Halikosekani hilo."

Nikabana mkono wa chuma. Mstari ukachorwa. Pale kwenye kidole changu palikuwa hakuna bonde.

Wanafunzi wakacheka, si kwa ubaya. Nikafuta almasi, nikaweka unga mwingine, nikarudia. Mabonde ya nati yalikuwepo, yale ya mduara wa piridini, kwa hiyo ni mtu wa familia. Upande wa namba za juu mstari ulikuwa umeporomoka kwa upana, kama inavyokuwa pakiwa na haidrojeni nyingi zilizoshika oksijeni. Lakini kabonili haikuwepo. Nikawaambia wanafunzi kipindi kimeisha, na kilikuwa hakijaisha.

Mwenzangu anayesimamia mashine alinikuta nimesimama mbele ya skrini. Ni mtu wa masihara ambaye hajawahi kunyanyua sauti tangu nimjue. Nilimwambia, na sauti ikipanda kila neno, kwamba mama yangu anapewa dawa feki, kwamba ameshinda miezi na miezi akimeza takataka, kwamba leo leo nakwenda kumkunja mtu shati.

"Shati la nani?" akauliza.

"Lolote nitakalolikuta!"

"Kaa kwanza, dada. Hujaiuliza mashine swali la pili. Umeiuliza kama ni isoniazidi, imekwambia sio. Sasa iulize ni nini."

Akavuta kiti, akaita kumbukumbu za mashine, akaweka mstari wangu juu ya mistari mingine, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ukalala juu ya wangu bonde kwa bonde. Piridoksini. Vitamini ya B6.

Nilipigwa na butwaa. Feki ningeielewa, ningejua nimchukie nani. Lakini hii ilikuwa vitamini halali, safi, ya kweli kabisa, imekaa mahali pa dawa. Kichwani nikaona mtu wa kupakia vidonge amekosea makopo, wagonjwa wa mkoa mzima wanameza vitamini na kurudi nyumbani wameridhika. Mwenzangu akanishauri niende kwanza nikazione dawa zenyewe, zote mbili, na pakiti zake, kabla sijamtaja mtu. Nilimjibu vibaya, lakini nilimsikiliza.

Nilifika Kisesa jua likiwa bado kali. Mama alikuwa uani anawapepetea kuku pumba. Mama yangu ni Msukuma hasa, Kiswahili chake hakina r, na sisi wanawe tulishaacha kumcheka tangu tulipokua.

"Shikamoo mama."

"Malahaba mwanangu. Kalibu. Mbona lafla hivi, kuna usalama huko?"

"Usalama upo. Mama, zile dawa ulizopewa hospitali, naomba kuziona zote."

Aliingia ndani akatoka na makopo mawili, moja la majani ya chai na moja la mafuta ya kujipaka. Baba alikuwa ameketi kwenye stuli yake kivulini mwa ukuta, akanisogezea kigoda. Mama akayaweka makopo chini mbele yangu, akafungua la majani ya chai.

"Hili ndilo ninalomeza," akasema.

Nikatazama ndani. Vidonge vidogo vyeupe, kama kile nilichokisaga. Pakiti yake ilikuwemo, imekunjwa, na maandishi yake yalisema kweli tupu: B6. Hakuna aliyekosea kupakia chochote.

"Na hili lingine?"

"Hiyo ni kinga."

"Kinga ya nani?"

"Ya kuku."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikalifungua lile kopo la mafuta mwenyewe. Isoniazidi. Pakiti imekunjwa vizuri, jina liko wazi, na vidonge vimebaki vichache, kopo limeliwa haswa. Nikainua macho nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita mlangoni bila kukitazama: dumu lililokatwa nusu, lina maji ya kuku, na chini yake umeganda utando mweupe wa vidonge vilivyosagwa. Kuku mmoja alikuja, akazamisha mdomo, akanyanyua kichwa juu akameza, akazamisha tena.

"Mama," nikasema, "hizi ulipewa wewe."

"Nilipewa mimi, ndiyo. Sikiliza basi, usinikodolee macho. Nilimwambia yule nesi, mimi siumwi, umenipima mwenyewe, unanipa dawa ya nini? Akanijibu vizuli sana, binti yule ana adabu. Akasema, mama usiogope, hii si dawa ya ugonjwa, hii ni kinga tu. Na hii nyingine ni vitamini, ya kukusaidia mwili. Nikashukulu. Sasa kinga mimi si naijua? Bwana mifugo akija na kinga anaitia kwenye maji, kuku wanakunywa, kideli kikija kinawaluka. Mimi siumwi. Wanaokufa kila mwaka ni kuku. Nikasema kinga nzuli ya hospitali, ya bule, niimalizie tumboni kwa mtu mzima asiyeumwa? Mimi nikameza vitamini yangu, kuku nikawapa kinga yao."

Kisha akaniangalia kwa majivuno ambayo sitayasahau.

"Na mwaka huu hajafa hata mmoja."

Baba alikuwa ameshika kikopo cha ugoro nusu njia ya kwenda puani. "Mimi namwona kila siku anameza," akasema, akinitazama mimi kana kwamba ndimi ninayetakiwa kumwokoa. "Kila siku. Maji namchotea mwenyewe."

Ni kweli, alimeza kila siku. Hakukosa hata siku moja. Angeulizwa popote kama anameza vidonge vyake angeapa, na asingekuwa amesema uongo.

Nilianza kueleza. Nilieleza vibaya, nikirukia huku na huku. Nikasema kideri cha kuku ni ugonjwa mwingine kabisa, hakisikii dawa hii. Nikasema kinga ya mtu ni dawa ile ile, ila inapewa mapema. Mama akatikisa kichwa polepole, akisubiri nimalize, na nilijua anachokiwaza: maneno ninayo mimi, lakini kuku wazima anao yeye, wako pale uani wanatembea. Mimi niliyewafundisha watu kwamba jaribio bila kundi la kulinganishia si jaribio, nilikuwa nimeshindwa kwenye ua wa mama yangu, na mashahidi wake walikuwa wanadonoa pumba. Nilijisikia kulia na kupiga kelele kwa pamoja.

Halafu likanijia lile jingine. Miezi yote ile, mara kwa mara, nilikuwa nikipigiwa simu niende Buzuruga stendi nikapokee mzigo kutoka Kisesa. Mzigo wenyewe jogoo, au tetea na mayai ndani ya kikapu cha pumba. Nilikuwa nikisifu. Nilikuwa nikiwaambia majirani Pasiansi kwamba kuku wa mama mwaka huu wamenona, hawaumwi hata mafua. Tumewachemsha, tumewakaanga, mchuzi tumeunywa na kulamba vidole. Kumbe kinga ya kifua cha mama yangu ilikuwa inaishia kwenye sufuria langu.

Nilikuwa nataka kusema hilo, nikalisema hata, nusu yake, ndipo mama akakohoa.

Alikohoa akageuka pembeni, akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. Si kikohozi kikubwa. Kilikuja, kikatulia, kikarudi tena.

"Ni vumbi la pumba," akasema.

Baba akaweka ugoro chini. Sisi watatu tunakijua kikohozi kile, tuliishi nacho kwenye nyumba ile kabla baba hajapona, na hakuna aliyekuwa tayari kukiita jina.

"Kimekuanza lini, mama?"

"Pumba za safali hii zina vumbi sana."

"Mama. Lini?"

Akashusha kanga. Mabega yake yalikuwa yamekonda. Nilikuwa nimeyaona tangu naingia na nikaamua sijayaona. "Tangu tulipopalilia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa na kitu kidogo tu.

Hasira yangu, ile niliyotoka nayo Mwanza kuja kumkunja mtu shati, ilikuwa bado ipo na haikuwa na pa kwenda. Nesi alikuwa amesema kweli, na kwa upole. Vidonge vilikuwa vya kweli. Mama hakuwa mjinga wala mkaidi. Alichukua neno analolijua akalifanyia kazi kama lilivyofanya kazi maisha yake yote. Nilitafuta pa kutupa hasira hiyo, nikaenda nikalimwaga lile dumu la maji. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele. Mama akaniambia nimeharibu maji bure, maji yamechotwa mbali.

Kesho yake asubuhi tulimpeleka kupima makohozi. Hospitali pia wana mashine yao, nayo haina haya wala huruma. Tulikaa kwenye benchi nje, mama katikati yetu, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kila mtu aliyepita akasalimiwa naye vizuri na kuulizwa habari za nyumbani. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Nimepitisha maisha yangu nikisubiri mashine ziseme, na sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuombea mashine ikosee.

Haikukosea. Nesi aliyetuita ndani alikuwa yule yule binti mwenye adabu. Aliposikia habari ya makopo mawili alishika shavu, akasema "Jamani, mama," kisha akakaa. Sikumfokea. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, ila nilipouangalia uso wake nikaona umeshtuka kama wangu.

Akatoa dawa mpya. Hivi si vile vidogo vyeupe. Ni vidonge vikubwa vyekundu, rangi ya udongo, dawa nne zimebanwa kwenye kidonge kimoja, na mojawapo ni isoniazidi. Ile ile. Nati ile ile, kabonili ile ile kwenye pembe ile ile, iliyokaa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka nyumbani ikisubiri kuku wasikie kiu. Nilitaka kumwambia mama. Nilifungua mdomo kabisa.

Yeye alikuwa amekishika kidonge kwenye kiganja, anakigeuza, anakikagua kama anavyokagua mbegu.

"Hii nayo ni kinga?" akamuuliza nesi.

"Hapana, mama. Hii sasa ni dawa. Unaumwa."

Mama akaitikia kwa kichwa. Sura yake ikalegea kama ya mtu aliyeelezwa jambo likaeleweka, akanyoosha mkono kwangu nimpe kikombe cha maji.

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo," akasema. "Dawa nameza."